Hofu ya ushuru, kumbe kreti

Wiki hii nimeshinda na kikundi cha mafundi wanaotaka kuuza vikapu vyao Ulaya. Wote walikuja na hofu ya ushuru. Kumbe huko ndiko kwepesi! Tangu 2001, nchi zenye maendeleo duni zaidi huingiza bidhaa zote Umoja wa Ulaya bila ushuru, isipokuwa silaha na risasi. Unaandika tamko la asili ya bidhaa kwenye ankara, na kwa mzigo usiozidi yuro 6,000 hulazimiki hata kujisajili kwenye mfumo wa Umoja huo wa wauzaji nje.

Kilichotutoa jasho ni kreti, yaani sanduku la mbao la kusafirishia. Mbao ghafi lazima zitibiwe dhidi ya wadudu, kwa kawaida kwa kupashwa joto mpaka kiini kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, kisha zigongwe muhuri wenye alama ya suke. Bila muhuri huo, mzigo unaweza kurudishwa au kuteketezwa, hata vikapu viwe vizuri namna gani. Fundi mmoja akaniuliza, "Yaani wanakagua sanduku kabla ya kikapu?" Ndiyo, mama. Tukahamia maboksi ya karatasi ngumu, ambayo hayadaiwi muhuri. Sasa tunasubiri mnunuzi apokee sampuli, na huyo naye ana maswali yake.