Nilivyofika Rasi ya Soya kwa treni na basi, katikati ya Februari

Kila niliyemuuliza Sapporo namna ya kufika Rasi ya Soya, ncha ya kaskazini ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, alinijibu vilevile: kodi gari. Kwa Mtanzania ushauri huo una kishawishi chake, maana Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, na magari yao ndiyo haya haya tunayoyapokea bandarini Dar es Salaam. Lakini Februari ya huko si wakati wa kujifunza kuendesha juu ya barafu. Nilikuwa mwanafunzi, pesa ya kulipia bampa la mtu sikuwa nayo.

Kilichonisaidia ni kuipanga safari kinyumenyume. Ndani ya Sapporo hakuna cha kupanga: treni ya chini ya ardhi, inayotembea kwa matairi ya mpira tangu 1971, ukiikosa unaingia inayofuata. Ukielekea kaskazini mambo yanabadilika. Treni ya moja kwa moja kutoka Sapporo hadi Wakkanai, mji ulio karibu na rasi, kilomita 396, ni moja tu kwa siku. Inaitwa Soya na huondoka saa moja na nusu asubuhi. Ukitaka nyingine, lazima ubadilishe treni mjini Asahikawa. Kutoka Wakkanai hadi rasini kuna kilomita kama 30 na mabasi ya kuhesabu. Basi nikaanza na basi la mwisho la kutoka rasini, nikatafuta la kunifikisha kabla yake, kisha treni ya kuliwahi, na mwisho kabisa ndipo nikajua siku hiyo niamke saa ngapi.

Tiketi ya karatasi niliinunua mapema. Kadi ya Kitaca unayogusisha getini Sapporo haifanyi kazi Wakkanai, na nauli yenyewe ilizidi yeni 10,000.

Mpaka Asahikawa juu ya reli kuna nyaya za umeme. Mbele ya hapo ni dizeli tupu. Hadi Nayoro treni inakimbia, kwa sababu kipande hicho kiliboreshwa mwaka 2000. Baada ya hapo mwendo unalegea, njia inaufuata mto Teshio uliofunikwa theluji, na dereva anapiga honi kufukuza kulungu wanaosimama relini. Upana wa reli ni milimita 1,067, sawasawa na TAZARA inayopita kwetu Mbeya, na kwa mtikisiko ule nilijiona niko nyumbani, ila badala ya mbuzi kuna kulungu.

Ukienda, tazama ramani yako ni ya mwaka gani. Niliyoikuta bwenini ilionyesha reli inayofika Rumoi, na huko treni haziendi tena tangu 2023. Ilionyesha pia njia ya Furano hadi Shintoku. Sehemu yake kubwa iliharibiwa na kimbunga cha Agosti 2016, haikutengenezwa, na mwaka 2024 njia yote hiyo ikafutwa. Mwaka huo wa 2016 kampuni ya reli ya JR Hokkaido ilitangaza kwamba karibu nusu ya mtandao wake haiwezi kuumudu peke yake, na kipande cha Nayoro hadi Wakkanai kimo katika orodha hiyo. Hesabu ninaielewa, maana viti vitupu niliviona kwa macho yangu. Lakini waliokuwamo walikuwa wazee na wanafunzi, yaani watu ambao ukiwaambia wakodi gari hujawasaidia kitu.

Basi la kwenda rasini halina konda. Unapanda, unachomoa kikaratasi chenye namba, na mbele juu ya dereva kuna ubao unaoonyesha kila namba inadaiwa kiasi gani. Nauli inapanda kadiri mnavyokwenda. Unalipa ukishuka, kwa sarafu kamili. Mashine iliyo pembeni ya dereva inavunja noti ya yeni 1,000, kwa hiyo vunja mapema basi likiwa limesimama, usisubiri watu wajipange nyuma yako. Rasini kuna mnara wa pembetatu, na upepo. Sakhalin, kisiwa cha Urusi, iko kilomita 43 tu, ila siku hiyo sikuiona.

Kurudi Sapporo nilichagua basi la masafa marefu kwa kuwa ni nafuu kuliko treni, na kwa kweli hapo ndipo nilipoijua barabara. Kando yake zimesimama nguzo zenye mishale ya rangi nyekundu na nyeupe inayoelekea chini. Kila mshale unaonyesha ukingo wa lami ulipo, kwa ajili ya dereva na kwa ajili ya greda la theluji. Upepo ulipovuma kutoka mashambani, lami, mtaro na shamba vikawa kitu kimoja cheupe, na dereva akaenda mshale hadi mshale, taratibu, bila kusema neno. Safari ni takribani saa sita. Nafasi huwekwa kabla, na choo kimo ndani.