Miguu Ikikatazwa: Arusha hadi Seronera na Kamera za Mfukoni

Tuliondoka Arusha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na begi la kamera lilishapimwa usiku. Nikon D850 ikiwa na betri na kadi ni gramu 1005. Lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 200-500 (namba ndogo huona upana, kubwa huvuta), ni gramu 2300. Hizo ni kilo 3.3 kabla hujatia hata kitambaa cha kufutia. Lenzi hiyo ndiyo inayokupeleka Serengeti: duma juu ya kichuguu, tai mtini, simba aliyelala mbali. Shida ni vya karibu. Tembo akisimama mita 8 kutoka dirishani, milimita 200 inaona upana wa mita 1.4 tu, yaani jicho, kipande cha sikio na mwanzo wa mkonga.

Wengi hujibu kwa kubeba lenzi ya pili. Lakini 24-70 f/2.8 ya Nikon, ile yenye kituliza mtikisiko, ni gramu 1070 peke yake, na kila unapobadilisha unaifungua kamera tumbo wazi penye vumbi. Kwa kama nusu ya uzito huo nilitia begini kamera mbili nzima za mfukoni: Sony RX100 VII yenye gramu 302 na Ricoh GR III yenye gramu 257. Nilitaka kujua ni ipi inayostahili kukaa na ile kubwa. Kwa anayekwenda Seronera, katikati ya Serengeti, kwa ndege ndogo, ambako mara nyingi unaruhusiwa kilo 15 tu pamoja na begi la mkononi, hesabu hii si mchezo.

Kwenye karatasi jibu lilionekana rahisi. Lenzi ya RX100 VII inaanzia 24 na kuishia 200, pale pale ile kubwa inapoanzia, kama nguo mbili zilizokatwa na fundi mmoja. GR III ina 28 basi, haivuti. Ila sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, ni milimita 23.5 kwa 15.6, dhidi ya 13.2 kwa 8.8 za Sony. Eneo lake ni kama mara tatu, na kwenye giza hiyo ni faida ya stopu moja na nusu hivi (kila stopu ni mwanga mara mbili). Unene nao upo: milimita 33 kwa 43. Sentimita moja ni jambo dogo mpaka uiweke kwenye mfuko wa shati.

Makuyuni tuliacha barabara ya Dodoma tukashika ya Karatu. Mto wa Mbu gari lilisimama kununua ndizi, zile nyekundu. Bibi muuzaji aliitazama D850 iliyokuwa mapajani.

"Shikamoo bibi. Naomba kupiga picha ndizi zako."

"Marahaba mwanangu. Ndizi piga. Lakini huo mzinga uache garini."

Mzinga ukaachwa. Nilishuka na GR, nayo hapa ndipo kwake. Ina kitu kinachoitwa snap: unaiambia mapema fokasi ikae umbali fulani, nayo haihangaiki kutafuta. Weka mita 2.5 na f/8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikikua, tundu linabana), basi kila kitu kuanzia mita 1.2 hivi hadi upeo wa macho kinatoka wazi, bila ukungu. Kwenye kivuli cha kibanda f/8 inakula mwanga mno, shuka f/5.6, ubakiwe na mita 1.4 hadi kama 12, zinazotosha soko lolote. Ukitaka karibu piga hatua mbele, ukitaka kupana rudi nyuma, mradi usimkanyage mtu nyanya zake. Kasoro niliyoiona hapo ni jua: haina kitundu cha kuchungulia, na saa sita mchana kioo chake kinageuka kuwa cha kujitazamia uso. Nilikikinga kwa kofia. Sony ina kitundu kidogo kinachochomoka pembeni, na kwa mchana wa kwetu ni cha thamani kuliko megapikseli zake.

Karatu tulinunua kilo mbili za mchele na kuzijaza kwenye mfuko wa turubai ulioshonwa mdomo. Huo ndio mto wa kulazia lenzi kubwa kwenye ukingo wa paa la gari. Maharage pia yanafaa, ila mchele unajikunja vizuri zaidi chini ya lenzi, na safari ikiisha hauendi bure.

Jioni hiyo ndiyo ya kulinganisha saa za kamera. Ukisahau, picha za kamera mbili zitakuja kuchanganyika hovyo kwenye kompyuta, na kuzipanga ni kazi ya siku nzima. Weka zote UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, kisha zote zipige picha ya saa ya simu inayoonyesha sekunde. Kukiwa na tofauti, utairekebisha baadaye kwa mkupuo mmoja. Na kumbuka kamera haijui saa zetu: dereva akisema tunatoka saa kumi na mbili kamili, faili litaandika 06:00. Rangi nazo zioanishe. Acha uwiano wa weupe, ule mpangilio unaoiambia kamera rangi ya mwanga, kwenye alama ya jua kote kuwili, maana ukiziachia zijiamulie, nyasi zile zile zitakuwa za dhahabu huku na za kijani kule.

Ukingo wa Ngorongoro uko juu, kama mita 2300, na asubuhi umefunikwa na ukungu unaolowesha. Kamera iliyolala baridi ikiingizwa kwenye ukumbi wenye moto wa kuni hutoka jasho papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa, nusu saa, bila kuigusa. Ile ya mfukoni hupona hapa, kwa kuwa inakaa na joto la mwili na ikitoka nje ina joto kuliko hewa.

Tuliteremka kreta, mita kama 600 hadi chini, na huko ndiko GR ilikonyamaza. Hifadhini hushuki garini isipokuwa mahali palipotengwa. Kamera isiyovuta inategemea miguu, na miguu imekatazwa. Nyati mita 20 kutoka barabarani, kwenye 28, ni jiwe jeusi kwenye uwanja wa majani wenye upana wa karibu mita 26. Kwenye Sony unavuta hadi 100, upana unakuwa mita 7, nyati na yangeyange wake wanajaa fremu na kuta za kreta zikiwa nyuma. Tembo yule wa mita 8 kwenye 24 anaenea mzima na mwenzake. Ile kubwa imekaa juu ya mchele wake, ikimsubiri faru.

Ngoitokitok, kwenye bwawa la viboko, unaruhusiwa kushuka kula. Mwewe wa pale wanapora chakula mkononi, na wanashuka kutoka nyuma. Kwa picha hiyo weka Sony kwenye 35, kasi ya shata 1/2000, iendelee kupiga mfululizo, mtazame mwenzako mwenye paja la kuku. Usimwambie.

Kutoka kreta kwenda Naabi, lango la kuingilia Serengeti, ndipo kamera za mfukoni huharibika. Barabara ni ya changarawe yenye mawimbi, vumbi lake jeupe na laini kama unga wa ngano. Kamera yoyote ambayo lenzi yake inachomoza hupumua: ikitoka inavuta hewa, na hewa imejaa vumbi. Kumbuka pia kwamba gari likisimama ghafla, vumbi lake lenyewe linalifikia kutoka nyuma. Subiri wingu lipite, kama sekunde kumi, ndipo uwashe. Na upunguze idadi ya pumzi: kamera nyingi hurudisha lenzi zikikaa dakika moja bila kazi, basi isogeze hadi dakika tano au kumi. Wakati wote mwingine ikae ndani ya soksi mpya iliyogeuzwa ndani nje, na ile kubwa ifunikwe kanga iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, isiyotoa nyuzi.

Abiria mwenzetu hakusubiri. Kamera yake, aina nyingine kabisa, ililia krr, lenzi ikakwama nusu njia na kioo kikamwambia azime awashe. Usivute kwa vidole. Toa betri kwa dakika moja, geuza lenzi itazame chini, puliza kuzunguka pete kwa pampu ndogo ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yataligeuza vumbi kuwa tope. Hewa ya mkebe nayo inaisukuma punje ndani zaidi. Rudisha betri, washa ikiwa bado inatazama chini. Yake ilifunguka mara ya tatu. Ikifunguka usiifunge tena hadi jioni.

Kama ningekuwa naelekea mvuani au kwenye matumbawe ya Mnemba ningechukua Olympus TG-6, ambayo lenzi yake haichomozi na inazama mita 15. Sensa yake ni robo ya ile ya Sony, kwa hiyo jua likizama picha zinachakaa haraka.

Seronera usiku GR ilirudi kazini: moto wa kambi, nyuso, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 3200, f/2.8, kiwiko juu ya goti. Sony kwa upana wake wote nayo ni f/2.8, na ikifika 200 ni f/4.5. Ila betri ya GR hupiga kama picha 200, Sony 260, wakati D850 inafika 1840. Beba tatu kwa kila ndogo. Zote mbili zinachajiwa kwa waya ndani ya gari. D850 haipokei chaji ya USB, inataka chaja yake na soketi.

Kwa njia hii ya Serengeti, basi, inayobaki ni Sony. Ningekuwa naishia Mto wa Mbu na Karatu, ningebeba GR na hata D850 ningeiacha nyumbani.

Arusha tulifanya kipimo cha mwisho, cha vumbi kwenye sensa: f/16 kwenye ukuta mweupe, fokasi ikiwa imevurugwa makusudi, kisha kukuza picha kona kwa kona. Sony huishia f/11, nayo inatosha. D850 ilikuwa na madoa mawili juu ya picha, ambayo kwenye sensa hukaa chini kwa sababu lenzi hupindua taswira, na pampu iliyatoa kwa mipulizo minne. Ndogo moja ilikuwa na doa moja karibu na kona. Hiyo haifunguki kwa mkono: inapelekwa kwa fundi, au picha zote za anga unazipiga kwa namba iliyo chini ya f/5.6, yaani tundu pana, ambako doa halionekani.