Ndizi Hazingoji Simu

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Jumapili hii ya tatu ya Majilio, majira ya kungojea Krismasi, padre alipotoka na kasula, lile vazi la juu la Misa, ya rangi ya waridi, watoto wa benchi la mbele walicheka: "Padre kavaa pinki!" Nasi wakubwa tulikuwa na letu. Mshumaa wa rangi hiyo, unaowashwa Jumapili hii, tuliukosa madukani mjini Moshi, basi akina mama wakaufunga mshumaa mweupe utepe wa pinki. Uliwaka vizuri tu.

Jumapili hii huitwa Gaudete, neno la Kilatini lenye maana ya "furahini", kutokana na maneno ya Mtume Paulo kwa Wafilipi: "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Aliyeandika hayo alikuwa kifungoni. Na Injili tuliyosomewa, Mathayo 11, nayo ikatupeleka gerezani. Yohana Mbatizaji, yule aliyepiga kelele nyikani bila kumwogopa mtu, sasa yuko ndani, anawatuma wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?"

Yesu hakumkemea kwa kuuliza. Wala hakumtoa gerezani. Hilo la pili ndilo gumu, na wengi tunaotoa tafakari hulipita haraka haraka. Alimpelekea habari tu: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Yohana aliyajua maandiko. Lazima aliisikia humo sauti ya Isaya 35, ambayo nasi tulisomewa asubuhi hiyohiyo. Mlango ulibaki umefungwa, furaha ikaingia hivyohivyo.

Jumatano jumuiya yetu ilisali kwa mama mmoja mjane, huko juu Kibosho. Kimea cha ulezi kilikuwa kimeanikwa uani juu ya turubai, na kwenye kona ya jiko la nje mikungu ya ndizi ilikuwa imevundikwa chini ya majani makavu na magunia. Mbege ya Krismasi hiyo, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Wote tunajua kwamba mwanawe mkubwa, aliyeko Dar, hajapanda kuja nyumbani Krismasi ya tatu sasa. Aligombana na mdogo wake juu ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la familia, na simu hapokei.

Nikamuuliza, "Mama, mwaka huu kasema anakuja?"

"Hajasema. Lakini ndizi hazingoji mtu aseme. Ukisubiri apige simu ndipo uvundike, akifika utampa soda."

Tukacheka. Mwenyewe hakucheka sana. Akatuonyesha kwa kidole isale lililoota mpakani, palepale walipogombania. "Mdogo wake nimeshamwambia, siku kaka yake akishuka kwenye gari asimpokee mikono mitupu. Akate jani pale." Kwa wasio wa huku: isale ndiyo alama yetu ya mpaka, na jani lake ndilo Mchagga hulipeleka anapoomba msamaha. Nimezaliwa kati ya masale hayo na sikuwahi kufikiri kwamba ni mmea uleule.

Yakobo naye, katika somo la pili, anasema mkulima hungoja mazao ya nchi, huvumilia hata yapate mvua ya kwanza na ya mwisho. Halafu anaongeza: msinung'unikiane. Anatujua. Nenda stendi wiki ya Krismasi, basi la kutoka Dar likichelewa, uone watu waliotoka kumpokea ndugu wanavyogombana wenyewe kwa wenyewe.

Sijui kama kijana yule atapanda mwaka huu. Mama yake naye hajui, na sidhani kama usiku halii. Ila jioni ile, tulipokwisha kusali, baadhi yetu tulikwenda kuzichungulia zile ndizi, tukainua gunia ili tuone kama zimeanza kuwa njano. Alitufuata mbio na kanga yake mkononi.

"Funikeni jamani, joto linatoka!"