Pafu Moja Likilazwa

"Daktari, mwanangu atavuta pumzi na nini mkilizima pafu lake?" Mama huyo alikuwa amevuka Likoni kwa feri ya alfajiri, na alipokuwa akiniuliza alikuwa akiukunjakunja upindo wa leso yake. Nilimjibu, "Mama, lile jingine litamtosha, nami daktari wa usingizi sibanduki kichwani pake."

Kijana alikuwa na usaha ndani ya pafu la kulia, uliobaki baada ya kifua kikuu, na ilibidi apasuliwe. Katika hali kama hiyo hatuyatenganishi mapafu ili mpasuaji apate nafasi tu, bali hasa ili usaha usimwagikie lile pafu jingine lisilo na ugonjwa.

Nilitumia mpira wa njia mbili, ambao asili yake ni ule wa Carlens wa Uswidi, wa mwaka 1949. Njia moja huishia katika bomba kuu la pumzi, ya pili huingia katika tawi lake, na kila moja ina puto. Mara nyingi tunachagua wa kushoto, kwa kuwa tawi la kushoto lina urefu wa kama sentimita 5, ilhali la kulia hutoa kitawi cha juu mapema sana, baada ya kama sentimita 2 tu, na puto likikosea kidogo tu hukiziba.

Nilisikiliza kwa stethoskopu, na pumzi zikasikika vizuri pande zote. Lakini tulipomlaza ubavu wa kushoto nikapitisha kamera nyembamba, niliona puto la buluu, lile la tawini, limechomoza penye njia panda ya mapafu. Mpira ulikuwa umerudi nyuma alipogeuzwa, na masikio yangu hayakuniambia lolote. Nilitoa hewa putoni, nikausukuma mpira taratibu huku nikitazama, kisha nikalijaza tena kwa mililita 2, maana hewa ikizidi tawi laweza kupasuka. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kamera itumike tena kila baada ya kumgeuza mgonjwa, hata pale tunapoharakishwa.

Pafu la kulia likanywea. Oksijeni ya damu ilishuka kutoka asilimia 98 hadi 91, nasi tukasubiri, kwa sababu mishipa ya pafu lililolazwa hujibana yenyewe na kuielekeza damu kwenye pafu linalopumua. Baada ya dakika kadhaa ilianza kupanda.

Alasiri mama aliruhusiwa kuingia. Aliweka kiganja kifuani mwa mwanawe, upande wa kulia, akakiacha hapo.