Aliponikumbatia, alimaanisha nini?

Wengi mnaohamia huku ughaibuni huniuliza swali hilo, hasa mkishakumbatiwa na mfanyakazi mwenza au jirani ambaye mmefahamiana juzi tu. Jibu langu halijabadilika: kumbatio moja peke yake halisemi mengi. Mtazame mtu huyo anavyowakumbatia wengine. Kama kila anayeingia mlangoni anakumbatiwa vilevile, hiyo ni salamu, na moyo wako utulie.

Kumbatio la ubavuni, mkono mmoja begani, mara nyingi ni la urafiki au adabu. Kupigwapigwa mgongoni kwa haraka huwa ni dalili kwamba mwenzako yuko tayari kuachia, basi nawe achia. Lakini mkono unaopapasa mgongo taratibu ni habari nyingine. Ngozini tuna nyuzi za neva zinazoitikia zaidi mpapaso wa polepole, kama sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na ndiyo maana aliyefiwa hutulizwa na mkono usio na haraka. Wapenzi hupenda pia kukumbatiana kwa nyuma. Hapo mimi hutazama anayekumbatiwa: akiegemea, ameridhika, akikaza mabega, mwachie.

Muda nao una maana. Mtafiti Emese Nagy alipima makumbatio ya wanamichezo kwenye Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, akakuta wastani ni kama sekunde 3. Waliwakumbatia makocha wao kwa muda mrefu kuliko wapinzani wao. Kwa hiyo rafiki anayekushikilia kupita kawaida yake huenda ana jambo. Muulize habari zake kabla hujaanza kujenga hadithi ya mapenzi kichwani.

Uwanja wa ndege sisi tunaujua vizuri, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, waliwahi kwenda kuwatazama watu wakikumbatiana kwenye viwanja vya ndege. Watu wengi hutanguliza mkono wa kulia, lakini hisia zikipanda, za furaha au za huzuni, wanaotanguliza wa kushoto huongezeka. Mimi sikushauri uhesabu mikono ya mtu anayekuaga. Kilichonigusa ni kwamba mwili hubadilika wenyewe moyo unapojaa, hata mwenyewe asijue.

Nililiona hilo kwa dada mmoja niliyekuwa nikiishi naye nyumba moja, siku alipopigiwa simu ya msiba. Nilimkumbatia, mikono yake ikabaki inaning'inia. Mtu angesema hataki. Sikumbana, sikumwachia pia. Baada ya muda akashika sweta langu mgongoni kwa vidole vyote, akaanza kulia kwa sauti. Mikono iliyolegea mwanzoni haikuwa ya kunikataa. Habari ilikuwa bado haijamfika sawasawa.

Kwa wapenzi, ninachokipa uzito mkubwa ni mabadiliko. Aliyekuwa akikukumbatia kifua kwa kifua, sasa anakupa bega na macho yake yako kwenye simu: zungumzeni mapema, maana huenda ni uchovu wa zamu za usiku, huenda ni kinyongo. Msiache kukumbatiana kwa sababu tu mmegombana. Utafiti wa watu wazima 404 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa waliokumbatiwa siku ya ugomvi hawakuvunjika moyo sana kama wasiokumbatiwa. Ila kumbatio lisitumike kumnyamazisha mwenye lalamiko. Msikilize kwanza.

Na kama huna uhakika, uliza: "Nikukumbatie?" Akisema hapana, mpe mkono au kaa naye karibu. Wapo wasiopenda kuguswa kabisa, na bado ni marafiki wa kufa na kuzikana.