Tulipoyafuata maji Mtera

Mwanzoni mwa 2006 nchi ilikuwa kwenye mgao wa umeme, na sisi Mtera, kwenye bwawa la kuzalisha umeme kati ya Dodoma na Iringa, sababu yake tulikuwa tunaikanyaga. Bwawa likijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likishuka chini ya 690, mitambo ya pale haitakiwi kuwashwa. Mwaka ule lilipita hapo. Kwa mjomba, hesabu ilikuwa nyingine: banda lake la samaki, ambalo mwezi wa tano huwa linagusa maji, sasa lilikuwa robo saa kwa mguu kutoka ukingoni.

Bonde lile ni tambarare kama sinia. Maji yakipungua kimo cha mtoto, ufuko unakimbia mamia ya hatua. Abiria wa mabasi ya Iringa hawajali, wao hununua perege wa kukaanga barabarani na safari inaendelea. Anayejali ni mgeni wa Jumapili kutoka Dodoma mjini. Kuoga hakuna, mamba na viboko wapo. Mgeni huyu anauziwa upepo, samaki na mzunguko wa mtumbwi. Wakikuta tope tupu, wanaagiza soda moja moja na kuondoka.

Basi tukahama. Tope lina ujanja wake: palipopasuka nyufa za kuingia kidole panabeba mtu na mzigo, panapong'aa utazama hadi gotini. Mjomba alitangulia na fimbo akichoma kila hatua, sisi nyuma na nguzo, turubai, mabenchi. Kazi kubwa ilikuwa mtumbwi. Mbao zilikuwa zimekauka juani, maungio yamefunguka. Tuliutia kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta ikigongwa taratibu kwa patasi butu (ukigonga kwa nguvu unapasua ubao), kisha tukauzamisha kwa mawe usiku kucha ili mbao zivimbe. Mpwa mmoja aliona ni upuuzi kuzamisha chombo ulichotoka kukiziba. Kesho yake haukuvuja.

Kosa tulilifanya wenyewe: tuliweka mafiga hatua kumi tu kutoka majini.

Mwezi wa tatu kwetu mbingu ilikuwa nyeupe, hata wingu hakuna. Lakini mto Ruaha Mkuu, unaolijaza bwawa, hauingojei mvua ya Mtera. Maji yake hutoka nyanda za juu kusini, yanapita Usangu, ndipo yanatufikia. Mjomba alikuwa na mti wenye alama aliouchomeka ukingoni. Jioni alama ya pili ilikuwa kavu, alfajiri haikuonekana. Kimo cha vidole vinne tu, na kilikula hatua thelathini. Mabenchi yalikuwa yanaelea, turubai tukaliokoa. Karai lilikwenda na maji.

Jumapili ile ikaja gari moja ya wageni. Wakakaa pale pale tulipoanika turubai, wakaagiza perege wanne. Mjomba akaenda kwa jirani kuazima karai.