Poti ya siriali ikinyamaza

Jioni ya leo umeme umekatika tena huku Sinza, na nimebaki nikifikiria jinsi ukimya wa konsoli (mahali mashine inapomwaga ujumbe wake, hapa kupitia poti ya siriali inayotuma biti mojamoja kwa waya) unavyopotosha watu. Poti ikinyamaza tunasema bodi, yaani kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, imekufa. Mara nyingi haijafa.

Tuanzie kwenye waya. Adapta za USB za kuunganisha kompyuta na poti hiyo zimejaa Kariakoo, za volti 5 na za 3.3 kwenye boksi moja, na kwa macho zinafanana. Raspberry Pi inataka 3.3. Pima kwa mita: waya mweusi wa mita kwenye GND (ardhi), mwekundu kwenye TX (pini ya kutuma) ya adapta ikiwa haitumi kitu, isome karibu 3.3. Ikisoma 5, irudishe dukani. Kisha pini ya 6 ya bodi iende GND, ya 8 iende RX (pini ya kupokea) ya adapta, ya 10 iende TX yake. Waya wa umeme wa adapta uache ukining'inia. Kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, weka `enable_uart=1`. Umeme ukikatika, bodi inazimika lakini kompyuta mpakato ipo kwenye betri, na TX ya adapta inaendelea kusukuma volti kwenye bodi iliyozimwa, hivyo ichomoe adapta.

Herufi za ajabuajabu? Kasi (biti kwa sekunde) za pande mbili hazilingani au GND imelegea. Herufi zinaingia ila unachoandika hakifiki? Zima hardware flow control (pande mbili kupeana ruhusa ya kutuma kwa waya za ziada) kwenye minicom, programu ya kusomea poti.

Ukimya wa kerneli (kiini cha Linux) wenyewe ni mtamu zaidi. Kwenye PC, `CONFIG_SERIAL_8250_CONSOLE` lazima iwe `y`, na draiva yake (programu inayoendesha poti) iwe ndani ya kerneli, isiwe moduli inayopakiwa baadaye. Halafu mpangilio wa vigezo unavyoipa kerneli inapowashwa, `tty0` ikiwa skrini na `ttyS0` poti ya siriali:

`console=tty0 console=ttyS0,115200n8`

Ujumbe wa kerneli unakwenda kote kuwili, lakini ya mwisho ndiyo inakuwa `/dev/console`, ambako programu za mwanzo huandika. Ukizigeuza, siriali itamwaga maneno mengi, kisha inakauka pale init, programu ya kwanza baada ya kerneli, inapoanza. Hapo wengi wanaapa kwamba mashine imeganda, kumbe inaongea na skrini ambayo haipo. Ondoa pia `quiet`, inayoficha ujumbe, na uweke `ignore_loglevel`, inayoonyesha wote.

Kerneli ikifa kabla draiva halisi haijaamka, hutaona hata mstari mmoja bila `earlycon=uart8250,io,0x3f8,115200`. Na kama maneno yanakatika pale tu konsoli hiyo ya mwanzo (earlycon) inapoipisha ya draiva halisi, ongeza `keep_bootcon`. Mistari itajirudia mara mbilimbili, inakera, lakini unajua draiva ndiyo mkosaji.

Kasi nayo isidharauliwe. Kila herufi ni biti 10 pamoja na za kuanza na kumaliza, hivyo 115200 inapitisha herufi 11,520 kwa sekunde na 9600 inapitisha 960. Mstari wa herufi 80 kwa 9600 unakula milisekunde 83. Draiva yenye domo inaweza kuichelewesha mashine nzima. Binafsi sioni sababu ya kubaki 9600.

Kwa kgdb, njia ya kuchunguza kerneli kutoka kompyuta nyingine kwa programu ya gdb, weka `kgdboc=ttyS0,115200 nokaslr`, kisha `echo g > /proc/sysrq-trigger`. Mashine itasimama kabisa: huo ni ukimya halali, inamsubiri gdb. Ila funga minicom kwanza, maana minicom na gdb zikisoma poti moja kila moja inanyakua herufi za mwenzake na gdb haiambulii pakiti iliyokamilika.